Hodi Kwanza, Mpira Baadaye

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Hiyo shikamoo nimeiandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukimzuia mjukuu wako asiile kalamu, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima ujue ni yeye, si mimi. Huku hatujambo wote. Mume wangu hajambo, ila tanuru likiwa na moto tunamwona kama mgeni, anakuja, anakula, anaaga. Mwenye jina lako ndiye hajambo kutushinda sisi sote. Ana meno sita na yote anayafanyisha kazi. Na wewe, goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba unalikanda kwa maji ya moto asubuhi tu, jioni unamdanganya kuwa umeshalikanda. Likande, baba. Mama unaweza kumdanganya, goti halidanganyiki.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini kabisa. Umeniandikia mambo mawili. La kwanza ni kwamba hukanyagi mji huu ninaokaa mpaka mwizi wa mpira ajulikane na aombe radhi kwa mdomo wake, hata kama maana yake ni kumwona mjukuu wako akiwa ameshaota ndevu. La pili, kwa kuwa ninakaa jirani na uwanja, unaniagiza niulize-ulize kimyakimya, nimtafute huyo mtu. Umenihadithia mechi yote upya kana kwamba mimi naishi mwezini: kwamba timu yenu ya Ghala ilihitaji sare tu ipande daraja, kwamba timu ya Matofali ya huku ilikuwa inaongoza kwa bao moja la kubahatisha, kwamba zikiwa zimebaki dakika tisa mpira ukaruka ukuta ukaingia nyumbani kwa watu, na kijana wenu akaenda kupiga hodi kwa adabu zote, na ndani mtu akanyamaza. Umesema kijana aliwaambia kwamba aliisikia pumzi ya mtu.

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu tunajuana. Unaishika mbali na sikio kama umeshika panya, unapiga kelele "nani?", kisha unamrudishia mama. Na haya nitakayokueleza, kwa simu ungekata kabla sijafika katikati. Barua haikatiki. Labda uichane, na nakuomba usiichane mpaka uimalize, kwa sababu nyuma ya karatasi ya mwisho kuna kiganja cha mjukuu wako. Tumekipaka masizi tukakigandamiza. Ni kidogo, lakini kimejaa.

Basi, nimeuliza. Ila kabla sijakwambia nilichokipata lazima nirudi nyuma kidogo, maana ukiyaona majani bila mzizi utadhani ni gugu.

Unakumbuka nilihamia huku mtoto akiwa na miezi mitatu. Chumba tulichopewa na kiwanda cha matofali ni cha mwisho kwenye safu, chumba kimoja na ua mdogo wa kufulia kwa nyuma, na ukuta wa huo ua ndio ukuta wa uwanja wa mpira, upande wa goli. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba wapangaji wanne walikuwa wamekikataa. Sisi tulijiona tumepata bahati.

Kwenye barua zangu za wakati ule nilikuandikia kwamba nimezoea na nimepata marafiki. Nisamehe, sikuwa na hata mmoja. Mume wangu wakati wa kuchoma anakaa tanurini siku tatu mfululizo, maana moto wa matofali ukiuacha peke yake unanuna. Akirudi amekuwa rangi moja na kazi yake, na ukimwuliza anashabikia timu gani anajibu timu yake ni godoro. Majirani ni watu wa zamu, huyu anatoka huyu anaingia. Mtoto alikuwa na tumbo la kusokota, analia kutwa. Miezi miwili, baba, mlango wangu haukugongwa na mtu isipokuwa msoma mita, naye aligonga kwa makosa. Nilifika mahali nikawa naongea na birika.

Ndipo mpira ukaja. Nilikuwa nimemaliza kuanika nepi kumi na nne, nazikumbuka moja moja, mara kitu kikaruka ukuta, kikapiga kamba, kamba ikakatika, nepi zote zikalala kwenye tope. Sijakaa sawa, likafuata jitu limevaa glavu. Likauruka ukuta, likachukua mpira, likaruka tena, bila hata neno pole. Nilibaki nimesimama na hasira hata machozi yakakosa njia. Halafu nikagundua kitu. Mtoto alikuwa amenyamaza. Alikuwa anautazama ule ukuta kwa macho makubwa, kama mtu anayesubiri sehemu ya pili.

Siku mbili baadaye mpira ukaja tena, nami nilikuwa nimeshajiandaa. Niliufunika kwa beseni, nikalikalia beseni, mtoto mapajani. Jitu likatokeza kichwa juu ya ukuta. Nikaliuliza: kwetu, kwa ukuta anaingia paka na anaingia mwizi, wewe ni yupi? Nikaliambia mlango uko upande wa pili, lizunguke, lipige hodi kama watu, lisalimie, limjulie hali mtoto, halafu ndipo tuzungumze habari za mpira. Nikasikia huko uwanjani wenzake wanamcheka na kumwuliza amebanwa na mkojo au nini. Ni mwendo kuzunguka, baba, mpaka upite geti, ofisi na rundo la kuni. Alifika anahema. Akasema hodi. Nikauliza nani, akasema golikipa. Nikauliza salamu iko wapi, akasalimia. Mtoto hajambo? Basi hapo, baba, sijui nini kilinipata. Mtu wa kwanza kuniuliza kwa miezi miwili! Nikamwambia habari za mtoto zote, kuanzia tumbo, kinyesi, usingizi, mpaka ile siku nilipoweka chumvi kwenye chai yangu. Alisimama pale jasho linamchuruzika, anasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hata mtoto wake wa kwanza alikuwa hivyo. Akaniambia nimlaze mtoto kifudifudi juu ya mkono wangu, kama ubao juu ya meza ya kurandia, nimtikise polepole. Kumbe kazi yake ni useremala. Nilimpa mpira wake. Jioni nikamlaza mtoto kama ubao, akalala.

Huyo ndiye Komeo. Jina hilo alipewa kwa vile akisimama golini, mlango umefungwa, ingawa wapinzani wanasema komeo lenyewe lina kutu.

Kuanzia hapo ikawa sheria: hodi kwanza, mpira baadaye. Wakaja wote, mmoja baada ya mwingine. Akaja nahodha, ambaye ni kinyozi, akamtazama mtoto kichwani akasema huyu ni mteja wa baadaye. Akaja namba saba, yule anayekimbia kama amesahau kitu kwenye moto. Kila mmoja alimjulia hali mtoto na kila mmoja aliondoka na habari kamili. Mashabiki nao wakajifunza, mpira ukiruka ukuta, uwanja mzima unaimba "Hodiii!", halafu kimya, wanasubiri. Refa mmoja mgeni aliwahi kumpa Komeo kadi ya njano kwa kuchelewa. Komeo akamwambia afande, mtoto leo ana kikohozi, habari haikuwa fupi. Na mimi ambaye nilikuwa sina jina kwenye safu ile zaidi ya "yule wa mwisho", nikaanza kuitwa Mama Mpira.

Siku moja hodi ikapigwa wakati hakuna mpira ulioanguka. Nilifungua nikamkuta mama mmoja mtu mzima, sindano tatu zimechomekwa kifuani, anasema amekuja kumwona aliyewafundisha adabu hao mafahali. Ni fundi cherehani, anakaa mlango wa sita kutoka kwetu, tunamwita Mama Cherehani. Ndiye anayeshona jezi za Matofali. Usishangae zikiwa za zambarau, ni kitambaa cha mapazia kilichobaki, alikuwa nacho robota zima, na timu haikuwa na sauti ya kuchagua. Mlango wangu nao ni wa zambarau. Komeo aliupaka siku aliponitengenezea bawaba, akasema ili wageni wasipotee.

Nilimwuliza Mama Cherehani aliingiaje kwenye mambo ya mpira, mtu na heshima zake. Akasema hakuingia, alivutwa. Zamani walimletea jezi azishonee namba, na ile saba ikamsumbua, akawa hana uhakika kama imekaa wima. Akaenda uwanjani aitazame tu mara moja arudi kwenye kazi zake. Sasa mwenye namba saba hatulii! Kila akimkazia jicho, ameshakata kona. Ikabidi arudi wiki ya pili. Na ya tatu. Ana miaka kumi na moja sasa ya kwenda uwanjani, na bado anasema ile saba kama imelala kidogo upande wa kushoto.

Nikamwuliza na Komeo. Yeye alichonga magoli. Akamaliza kuyasimika, wakamwambia simama hapo katikati tuone kama yako sawa. Mtu akapiga mpira kwa kujaribu, akaudaka kwa kujikinga uso. Hajatoka pale mpaka leo.

Ndipo nikakukumbuka wewe, baba. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusimulia kwamba mpira ulikuwa huna habari nao, ulikuwa mpaka rangi wa nyumba, mpaka siku yule mchora mistari wa Ghala alipougua wakakuita wewe. Ukachora duara la katikati likatoka kama yai. Ukaenda kwenye mechi kwa aibu tu, ukae nyuma, usikie kama kuna atakayelicheka. Hakuna aliyelicheka, walikuwa wanatazama mpira. Ukatazama na wewe. Miaka thelathini! Mlango wetu bluu ya Ghala, birika letu bluu, mimi nimepelekwa shule siku ya kwanza na soksi za bluu ambazo mwalimu alizikataa. Wewe hukuichagua Ghala. Ulifuata yai lako.

Mimi nilifuata sauti. Siku moja nilisikia uwanja unaguna, nikalipindua beseni, nikapanda juu na mtoto mgongoni nichungulie kwa dakika moja tu. Namwona Komeo anauacha mpira uteleze mikononi. Kabla sijajua kinywa changu kinafanya nini, nikasikia sauti ya mwanamke inapasua anga: "Komeo! Ushike kama mtoto!" Uwanja mzima ukageuka kutazama ukuta. Mtoto mgongoni akapiga makofi. Nilishuka, nikajificha kwenye nguo zangu nilizoanika, uso unawaka. Wiki iliyofuata nilipanda tena.

Najua sasa hivi umeshaanza kukunja uso, na mama anakuuliza kumeandikwa nini. Subiri baba, bado kidogo.

Kuna jambo moja nyinyi Ghala hamkulijua. Juma lile la mechi, kiwanda kilibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi. Lilisema Matofali wakishuka daraja, uwanja utafungwa na kugeuzwa mahali pa kuanikia matofali mabichi, na bila kushinda mechi ile wangeshuka. Nililisoma nimembeba mtoto, nikarudi nyumbani nikauwasha moto bure, sufuria tupu jikoni. Niliutazama ule ukuta. Nikafikiria upande wa pili kuna matofali tu yamepangwa, yananyamaza. Matofali hayarukii kwa mtu. Matofali hayaulizi habari za mtoto.

Asubuhi ya mechi nilimvalisha mjukuu wako kofia ya bluu uliyomtumia. Hilo ni kweli, mama anazo picha. Nikawaambia majirani nitampeleka kliniki kupimwa uzito, nikaenda, nikakuta foleni fupi, nikarudi mapema bila kuonwa na mtu, wote walikuwa uwanjani. Nilipanda beseni kwa siri. Nilikuwa nimejiambia sitashangilia yeyote. Nilikuwa na Ghala ya kuzaliwa na Matofali ya kugongewa mlango, nikasema bora niwe mti. Namba saba akafunga kwa goti, bao baya kweli, na mimi mti nikatikisika. Mpira wa kwanza wa siku ile ulikuwa umeshapasuka kwenye waya wa uzio. Ukabaki mmoja. Zikabaki dakika tisa. Mshambuliaji wenu mrefu, yule mwenye mwanya mnayemwita Pengo, akaachia shuti ambalo nilidhani litabomoa nyumba yangu. Komeo akaruka, akaugusa kwa ncha ya vidole. Kona. Na mpira ukapita juu ya kichwa changu, ukaanguka uani, ukaviringika taratibu mpaka miguuni pa mwenye jina lako. Akaukumbatia.

Baba, uliniagiza nimtafute mwizi wa mpira. Nimemtafuta, nimempata, na ninamjua tangu alipozaliwa. Umemsomesha, umemlisha, soksi zake za kwanza ulimnunulia wewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi.

Weka karatasi chini kwanza kama ni lazima, upumue, halafu uendelee.

Uwanja uliimba "Hodiii!" kama siku zote. Nyinyi mlikuwa na haraka, kwa hiyo Pengo hakumngoja mtu, alitoka mwenyewe mbio. Nikamsikia Komeo anampigia kelele kumwelekeza: zunguka, mlango wa zambarau, usisahau kumwulizia mtoto, ukisalimia vizuri anakupa! Na mimi nikauweka mpira ndani ya beseni, nikaufunika kwa nguo mbichi, nikaingia ndani nikakaa sakafuni mgongo nimeuegemeza mlango. Mtoto anaita "pia! pia!", yaani mpira, nikamkumbatia uso wake kifuani kwangu asisikike. Kijana akafika. Angegonga kwa ngumi, baba, angetukana, leo ningelala vizuri. Hakufanya hivyo. Alisema hodi hapa. Akasema habari za saa hizi, mama. Akasema mtoto hajambo? Akasema tunaomba mpira. Mara tatu, na kila mara kwa upole zaidi. Kisha akasema, samahani mama, kama mtoto amelala basi, tumewasumbua. Nikasikia viatu vyake vinaondoka kwenye kokoto. Ile pumzi aliyoisikia ilikuwa yangu.

Wenzake walitaka kuruka ukuta. Komeo akasimama chini ya ukuta akawaambia kwenye ua ule haingii mtu kwa juu, ni sheria, na majirani wamemwambia mwenyewe ameenda kliniki. Alisema hivyo akiamini. Mtu akatumwa shuleni kutafuta mpira mwingine. Refa akatazama saa, akatazama ukuta, akasema hana mamlaka ya kungoja mpaka watu warudi kliniki, akapuliza filimbi ya mwisho.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nimejiambia ni mapenzi ya timu, nimejiambia ni tangazo. Lakini ukweli wake ni mdogo kuliko hivyo, na unaniaibisha zaidi. Niliogopa mlango wangu usigongwe tena. Na kwa kuogopa hivyo, umegongwa na mtu mwema nisiufungue.

Jioni walikuja wote kusherehekea, nikafungua nikijifanya nimerudi sasa hivi, natabasamu kama mtu aliyemeza sindano. Wakamletea mtoto jezi ya zambarau ndogo kuliko kitambaa cha kufutia meza. Mpira nikauficha uvunguni mwa kitanda. Siku nne, baba! Kila asubuhi mjukuu wako anainama, anachungulia uvunguni, anagonga ubavu wa kitanda kwa kiganja, anasema "odi". Anangoja. Hakuna anayemjibu. Siku ya tano barua yako ikafika.

Nilianzia kwa Mama Cherehani. Hakuacha hata kukata kitambaa. Akasema siku ya mechi alikuwa amerudi kuchukua mkasi, akaliona pazia langu linapumua, na nyumba isiyo na mtu pazia lake halipumui. Nikamwuliza mbona hukusema. Akasema jipu halipasuliwi bichi, alikuwa anasubiri liive. Tukaenda pamoja kwa kinyozi, Komeo akaitwa, nikasema yote mbele ya kioo huku najitazama. Nahodha alicheka mpaka akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Komeo hakucheka. Alisema yeye kwa mdomo wake alimwambia yule kijana kwamba kwenye mlango ule ukisalimia unapewa. Akasema, Mama Mpira, umenifanya mwongo. Halafu akaondoka.

Sikumlaumu. Nililia kidogo, sitaki kukuficha. Lakini kesho yake hodi ikapigwa, alikuwa yeye, na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kama kawaida akauliza mtoto hajambo, mimi nikajibu kwa neno moja tu, akashangaa. Akasema amefikiri usiku kucha anapiga randa. Kitabu cha ligi kimeshafungwa, hakifunguki. Lakini sheria ya hodi si ya ligi, ni yetu, na imeanguka, na kitu kikianguka kinainuliwa palepale kilipoangukia. Kwa hiyo tucheze zile dakika tisa.

Umesoma vizuri, baba. Dakika tisa. Nahodha ameshamwandikia mwenyekiti wenu, nadhani barua hiyo na hii yangu zinasafiri pamoja. Ghala waje, wachezaji wote walewale, jezi zilezile. Hatuanzi katikati, tunaanza na ile kona yenu. Mpira ni uleule. Kabla ya kona, Pengo atazunguka, atapita geti na ofisi na rundo la kuni, atapiga hodi kwenye mlango wangu mbele ya watu wote, na mimi nitamkabidhi mpira kwa mikono yangu miwili na kumwomba radhi kwa mdomo wangu, kama ulivyotaka. Mkisawazisha, Matofali watakiri popote watakapoulizwa kwamba mwaka huu Ghala walistahili kupanda. Sitakudanganya kwamba mtapanda, hamtapanda. Lakini hakuna atakayesema mlinyimwa.

Kuna tatizo moja. Mistari yetu inachorwa kwa majivu ya tanuru, na anayeichora ana haraka. Ile robo duara ya kona imekaa kama sikio. Nikawaambia namjua mtu mwenye mkono uliotulia, ila ana goti. Komeo akasema atakuchongea kiti chenye magurudumu madogo ya chini kabisa, uwe unajisukuma kando ya mstari bila kuinama. Ameshaanza, nimekiona. Chokaa nyeupe ya kweli tumepata. Brashi njoo nayo mwenyewe, za huku zinanyonyoka nywele kama paka mgonjwa.

Naomba radhi, baba. Nimekukosea wewe, nimeikosea Ghala iliyoninunulia soksi, nimemkosea yule kijana wa watu. Na kwa kuwa siwezi kukuficha mara mbili kwenye barua moja, nikuambie na hili: kona yenu ikipigwa, nitakuwa juu ya beseni langu, na nitampigia Komeo kelele audake. Nisamehe na hilo, au hilo usinisamehe, sawa tu. Ugonjwa huu nimeurithi kwako, ni rangi tu iliyobadilika. Mjukuu wako atakuwa na kofia ya bluu kichwani na jezi ya zambarau kifuani, na katikati ana tumbo lake mwenyewe, hilo halina timu.

Mwambie mama shikamoo yake nimeiweka mwisho ili asichoke kusikiliza mpaka afikie hapa, na picha nyingine ziko njiani. Wadogo zangu wasalimie wote, na yule aliyechukua kanga yangu ajue sijasahau. Mume wangu anakusalimu sana, amesema siku hiyo hata yeye atatoka kitandani, tumwamini au tusimwamini.

Ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi alasiri, lakini wewe njoo asubuhi ili chokaa ikauke. Shuka pale kwenye geti la kiwanda, pita ofisi, pita rundo la kuni, hesabu mpaka mlango wa mwisho, wa zambarau. Kengele hatuna. Gonga, piga hodi, uliza habari za mtoto. Atakuwa amesimama nyuma ya mlango anangoja, maana kusimama amejifunza hapohapo. Na mimi, baba, safari hii nitafungua.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Mama Mpira